Roshani ya Kinanda

Jumapili, 17 Januari 1988

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi mzima, mama mzima, isipokuwa goti lake ambalo mvua ikikaribia linatangaza habari kabla ya redio. Shemeji yako anakohoa na bado anavuta, ukimsema anakujibu kikohozi ni cha vumbi. Watoto wamerudi shule, na mimi ndiyo kwanza nimepumua. Mwezi mzima nilikuwa nashona sare, mashati arobaini na moja na sketi sijui ngapi, mpaka usingizini nikawa nasikia sindano. Cherehani imeanza kula uzi. Fundi wake amekuja mara mbili, mara zote mbili kanywa chai yangu na kuiacha ikiwa vilevile.

Barua yako ya Krismasi ilifika. Mama alinisomesha mara tatu. Pale unapoeleza kinanda kikubwa unachopiga huko siku za Jumapili, chenye safu tatu za vibao, alinisimamisha niende polepole ili jirani naye asikie dirishani. Sasa mtaa mzima unajua. Muuza mkaa kila nikipita ananiuliza, "Mpigaji hajambo?", utadhani umeondoka juzi, wala si miaka kumi na moja iliyopita.

Kuna jambo dogo nilitaka kukuambia. Kanisa halitutoshi tena. Watu wanakaa nje chini ya turubai, na mvua ikija wanajibanza ukutani na watoto wao, mahubiri hawayasikii wala mhubiri hawamwoni. Juzi tulikuwa na mazishi, ndugu wa marehemu wenyewe walisimama uani. Basi imeundwa kamati ya ujenzi, watu saba, wengi wao huwajui. Wanataka kujenga jukwaa la juu la zege kuzunguka pande tatu, viti mia mbili. Ili lipite, roshani ya kinanda itabomolewa. Kinanda chenyewe hakihamishiki, mabomba yamejengewa humohumo kwenye roshani.

Watu wamegawanyika. Vijana wanataka, wao ndio wa kwenye turubai. Wazee wamenuna. Bibi Alto wa kwaya, yule aliyekuwa akikukaripia ukienda mbio, amesema siku hiyo atakaa chini ya roshani, nyundo zianze na yeye. Anayeongoza upande wa kujenga ni mkandarasi mmoja mnene tunamwita Bwana Saruji, kwa sababu hata harusini anaongea saruji.

Ndiyo hivyo tu. Usiache kula.

Dada yako.


6 Februari 1988

Dada yangu mpendwa,

Nashukuru kwa barua, na nashukuru kusikia mama mzima. Mpe pole ya goti. Mimi sijambo. Kazini ni yaleyale, mashuka ya hospitali yanaingia machafu na kutoka meupe, na mimi niko kwenye mashine ya pasi, mvuke usoni kutwa nzima. Nje baridi, ndani joto, kwa hiyo mafua hayanitoki. Mwambie shemeji vumbi la kwake na mafua yangu wakutane siku moja wazungumze.

Unaita hilo jambo dogo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye gunia la mashuka, na msimamizi akaniuliza kama nimefiwa.

Dada, mimi kanisa lile nalijua kuliko chumba ninacholala. Nikifumba macho nasikia benchi la nne linavyolia mtu mzito akikaa. Najua kibao cha pili kutoka mwisho kinakwama siku za unyevu, lazima ukiinue kwa kucha. Najua saa ngapi jua linashuka kwenye dirisha la pembeni na kuwapiga waimbaji wa sauti ya kwanza machoni, wakaanza kuimba wamekunja nyuso. Watu wanaliona jengo kuukuu. Wale waliolijenga walipanga kila jiwe kwa mkono, na bibi yetu mzaa baba alichota maji ya kuchanganyia chokaa. Leo mtu aje na zege lake atuambie tunajibana?

Nimekaa siku mbili nikalichora lote kutoka kichwani. Chumba cha mchungaji, mimbari, birika la ubatizo, madirisha, hata ule ufa unaopanda kama mguu wa kuku. Nimelifungia humu pamoja na barua ya kurasa mbili. Tafadhali, peleka kwenye mkutano wao, wasomewe. Wajue kwamba tuliopo mbali hatujasahau. Waone kwamba mtu anaweza kukaa miaka kumi na moja bila kuliona na bado akajua kila kitu kilipo.

Halafu niambie, nani anakipangusa kinanda siku hizi? Vumbi likishuka kwenye mabomba ndiyo mwisho wake.

Nawakumbuka sana. Kuna siku nakumbuka mpaka nasahau kushuka kituoni.

Mdogo wako.


Jumapili, 28 Februari 1988

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto wangu wa pili kang'oa jino na kulipoteza, kutwa tumepekua nyumba. Cherehani imepona, fundi alipotishwa kwamba safari hii hakuna chai.

Barua yako nimeisoma mkutanoni, tena nimeisoma vizuri. Kurasa zote mbili watu walitulia. Kwenye lile la bibi na chokaa Bibi Alto alitoa leso. Nikajisemea, mdogo wangu kawashika. Kisha wakataka kuona mchoro.

Ukapita mkono kwa mkono, na kila ulipopita nikaona watu wanakunja uso, wanageuza karatasi, wanaigeuza tena. Ulipomfikia Bwana Saruji akauinua juu ili wote waone. Akasema, "Samahani, huyu ndugu anatutetea kanisa la wapi? Chumba cha mchungaji kakipeleka upande wa birika, birika kalipeleka upande wa chumba. Hata ufa kauhamisha. Kama ni kuhamisha, mbona yeye kahamisha zaidi yetu?" Watu walicheka. Hata wa upande wetu walicheka. Mdogo wangu, nilitamani sakafu ipasuke. Mchungaji ndiye aliyeniokoa, akaanzisha sala ya kufunga.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilitaka kuuchana. Nilisema maneno, mojawapo ni kwamba umesahau kila kitu na unatusumbua bure. Mama akanyoosha mkono, "Lete." Akavaa miwani, akasogea dirishani, akauangalia kitambo kirefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Akaniambia nimletee kioo cha wateja kule ninakoshonea. Akausimamisha mchoro mbele ya kioo, akaniita, "Njoo uone."

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Birika, chumba, ufa, kila kitu.

Mama akasema, "Huyu hajasahau hata msumari. Huyu alikuwa analiona kanisa mgongoni kwake." Ndipo nikaelewa. Miaka tisa ulikaa umeipa madhabahu kisogo, unamtazama mchungaji kwenye kile kioo cha lori ambacho baba alikifunga kwa waya juu ya vibao. Ulipanda kwa ngazi ya nje na kushuka kwa ngazi ya nje. Sisi tuliokaa chini tulisali kanisa moja, wewe ulisali lingine, na hakuna aliyejua.

Nilikwenda kuwaeleza Jumapili iliyofuata. Bwana Saruji hakucheka tena, lakini alisema ukweli wake pia: kwenye turubai kuna mjamzito aliyeanguka kwa jua.

Kuhusu vumbi, mama alinisikia nikisoma swali lako. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anachukua kitambaa na kupanda. Nimemkataza. Ananiambia, aliyeulizwa ni yeye. Nimemkumbusha kwamba aliyeulizwa ni mimi, akanijibu kwamba mimi nina sare za kushona.

Jambo moja tumelipata. Wamekubali kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya kubomoa, ukija, kinanda kitapigwa ibada nzima, na watu wote watabanwa ndani hata kama ni kwa kupandana. Ukija. Mama hasemi, kwa hiyo nasema mimi. Njoo.

Dada yako.


16 Machi 1988

Dada,

Salamu kwenu. Mwambie mtoto wako jino litaota lingine, ila atafute la zamani, mimi la kwangu nilikuja kulikuta mfukoni mwa baba. Mafua yamepungua. Kazini wameleta mashine mpya, inakunja shuka yenyewe, watu wawili wamepunguzwa. Mimi bado nipo.

Ile habari ya kioo imenifanya nicheke peke yangu ndani ya basi, mtu akahama kiti. Nikaenda mbele ya kioo cha choo cha kazini, nikausimamisha mchoro mwingine niliobaki nao. Dada, nililia. Miaka yote hii nikitembea humo kichwani, kumbe ningeingia kweli ningegonga ukuta.

Nimeandika kwa Ofisi ya Mambo ya Kale, waje waangalie kabla ya nyundo. Tusikate tamaa. Na mwambie mama nimefurahi sana kuhusu kitambaa. Kama anapanda, basi afanye na jambo moja: shemeji amkanyagie pampu ya upepo, naye abonyeze kibao kimoja kimoja kutoka kushoto hadi kulia, aandike kipi kinalia na kipi kimenyamaza. Nataka kujua kimebaki kiasi gani. Nikiwa na orodha hiyo nitaweza kuwaeleza hao wa Ofisi kwamba ni kitu kizima.

Kuhusu kuja, tutaona. Ruhusa huku ni ngumu, na Jumapili kanisani hawana mtu mwingine wa kupiga.

Mdogo wako.


14 Mei 1988

Dada,

Ni mwezi wa pili sasa sijapata neno. Nimeuliza posta ya huku, wanasema hakuna mgomo. Mama hajambo? Alifanya ile orodha? Andika hata mistari miwili, hata ya kunigombeza.

Mdogo wako.


9 Juni 1988

Dada,

Salamu nitaziweka mwisho leo, unisamehe.

Ofisi ya Mambo ya Kale wamenijibu. Ni watu wa utaratibu, wameambatisha nakala ya barua waliyopelekewa na kamati yenu, ya tarehe kumi na nane Aprili, inayoomba kibali cha kubomoa roshani. Chini kuna mwenyekiti, Bwana Saruji. Pembeni yake kuna katibu. Sikuhitaji kusoma neno katibu. Hiyo saini nimeiona kwenye kila ripoti yangu ya shule, tangu baba aliposema wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Watu saba, wengi wao huwajui. Ndivyo ulivyoniandikia. Mmojawapo nilikuwa namjua.

Ulisimama ukawasomea barua yangu huku ukiwa mtu wa upande wa pili wa meza. Ulinihurumia kwa sababu ya mchoro, kumbe kalamu ilikuwa mkononi mwako. Wageni wangenifanyia hivyo ningeelewa, kwao ni mbao na mabati. Wewe ulikuwa unakaa benchi la tatu na kunipungia mkono kwenye kioo, ukijua nakuona. Sina kitu kingine kule, dada. Nyumba ya baba mlipangisha watu, marafiki wameoa na kuhama. Nikiota kwetu, naota pale juu. Mnaibomoa hiyo, mnaniacha niote wapi?

Nisalimie mama.


Jumapili, 26 Juni 1988

Mdogo wangu,

Watoto wazima, shemeji yako mzima. Mimi siyo mzima, nina hasira, kwa hiyo soma polepole.

Ni kweli mimi ni katibu, tangu siku ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaandika barua kama hiyo uliyoiandika. Lakini kuna usichokijua. Ile barua ya kuomba kibali ilikuwa tayari tangu Januari. Nilitakiwa niisaini, nikaiweka chini ya cherehani. Kila mkutano nikawaambia nimeisahau, nimeimwagia chai, inahitaji kuandikwa upya. Miezi mitatu na nusu niliwapiga chenga watu wazima sita kwa ajili yako. Bwana Saruji alianza kunisalimia kwa kuniuliza habari za chai.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita Aprili mama alipanda na karatasi na penseli. Shemeji yako alikuwa amekwenda msibani, mama hakusubiri, alimwomba mlinzi wa kanisa amkanyagie pampu. Walifanya kazi asubuhi nzima. Mlinzi akaondoka kula. Mama akabaki akipangusa, manyunyu yakaanza, akashuka peke yake. Unaijua ngazi ile ya mbao ikilowa. Alianguka kutoka kipandio cha nane. Alilala pale chini muda mrefu, mvua inamnyeshea, mpaka muuza mkaa alipopita na kuona kiatu.

Ni nyonga. Wiki sita hospitalini, na sasa anakaa kwenye kiti, anatoka kitini kwenda kitandani nikimshika. Daktari anasema labda atatembea na fimbo, halafu anaangalia dirishani.

Karatasi hakuiachia. Muuguzi ndiye aliyemfungua vidole. Nimekuwekea humu. Vyenye kidoti vinalia, vyenye msalaba vimenyamaza. Utaona vidoti ni vingi.

Jumatatu yake nikaisaini ile barua. Kama wangenipa nyundo ningeanza mwenyewe.

Mama ndiye aliyenikataza kukuandikia. Alisema, "Usimwambie, yuko peke yake huko." Nikashindwa kuandika habari nyingine bila hiyo, ndiyo maana nilinyamaza. Leo nimevunja amri yake kwa sababu umeniuliza uote wapi. Mdogo wangu, hilo kanisa unaloliota lina kinanda, lina jua, lina benchi linalolia, na halina mama ndani yake. Mama yuko huku chini, kwenye kiti, anauliza kama barua imekuja.

Yule mtu wa Mambo ya Kale alikuja. Kijana mpole, alipima kila kitu. Kasema kuta na paa visiguswe hata kwa msumari, jambo lililomnunisha Bwana Saruji, na jukwaa lisimame kwa nguzo zake lenyewe. Roshani iliongezwa baadaye, si ya asili, hiyo inaweza kuondolewa. Kwa hiyo kuta umeziokoa, tukupe haki yako. Nyundo zinaanza Jumatatu ya tarehe tano Septemba. Jumapili yake, tarehe nne, bado ni yako.

Sikuombi tena. Nakuuliza tu, nijibu kama mtu mzima: kwa nini huji?

Dada yako.


12 Julai 1988

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sijui pa kuweka mkono. Nimeiweka karatasi ya mama juu ya meza, na kila kidoti nakiona akikibonyeza huku akijisemea peke yake namna ile anavyojisemea akichambua mchele. Mimi ndiye niliyemwambia apande. Niliandika kabisa, kutoka kushoto hadi kulia. Nilikuwa nataka kusikia sauti kwa masikio yake, sikufikiria miguu yake. Nisamehe kwa barua ya Juni. Nisamehe kwa zote.

Umeniuliza kwa nini siji.

Sipigi kinanda, dada. Hapa hakuna kanisa linalonisubiri Jumapili. Kile cha safu tatu kipo, ni kweli, nimekiona. Mwaka wa kwanza nilikwenda kuomba, wakanisikiliza dakika mbili, wakanishukuru kwa adabu kubwa. Usiku huo niliwaandikia kwamba wamenichukua. Nilidhani ni uongo wa mwezi mmoja. Kisha ukajibu kwamba mama amefurahi mpaka kawaita majirani, basi nikaona aibu kumnyang'anya. Kila Krismasi nikaongeza kipande kingine. Jumapili nafua nguo zangu, halafu nakaa benchi la nyuma la kanisa lile na kumsikiliza mtu mwingine. Vidole vyangu vimezoea mashuka. Tangu siku ile ya dakika mbili sijagusa kibao.

Halafu kibali changu cha kukaa huku kimekwisha zamani. Wanaoniajiri wanajua na wananyamaza. Nikivuka mpaka sirudi tena, si mwezi ujao, si kamwe. Kwa hiyo nikija nimekuja. Nitashuka na begi moja mbele ya mtaa uliotangaziwa kwamba mtoto wao ni mpigaji mkubwa, na nitawaambia nini? Muuza mkaa nitamwambia nini? Mama nitamwambia nini?

Unaona sasa kwa nini nilitaka roshani ibaki. Ndipo mahali pekee ambapo nilikuwa mtu kweli.

Usimwambie mama kuhusu kinanda. Mwambie naomba anisamehe ngazi.

Mdogo wako.


Jumapili, 31 Julai 1988

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nilisoma barua yako chumbani kwanza, mlango nimeufunga. Nilipotoka mama alinitazama usoni na kusema, "Isome yote." Nikaanza kuruka maneno. Akasema, "Tangu lini mdogo wako akaandika barua fupi?" Nikaisoma yote. Ujue kwamba sikuwa na namna.

Kisha akasema nichukue kalamu, niandike anavyosema, nisitie nakshi zangu. Haya ni yake:

"Mwanangu. Ni mimi mama. Mkono ni wa dada yako, maneno ni yangu.

Habari ya kinanda cha huko nilijua. Si tangu mwanzo, lakini nilijua. Mtu anayepiga kila Jumapili angeniambia siku aliyokosea. Wewe miaka yote hukukosea hata mara moja. Nikasema, huyu hapigi. Sikukuuliza kwa sababu niliona unafurahi kuniandikia, na mimi nilifurahi kusomewa, na jirani naye alifurahi. Basi tuliache hapo, tusigombane na furaha iliyokwisha kuliwa.

Kuhusu ngazi, hukunipandisha wewe. Nisikilize vizuri, dada yako naye analia hapa, asikilize. Nilikuwa napanda kabla hujauliza. Napanda tangu mwaka ulioondoka. Dada yako hakujua, Jumamosi zote alikuwa sokoni na vitambaa vyake. Kitambaa cha vumbi kilinipa tu sababu ya kusema kwa sauti.

Pale juu nyuma ya kinanda kuna dirisha dogo, wewe mabomba yalikuwa yanakuziba kwa hiyo hulijui. Ukisimama juu ya kiti unaona barabara yote mpaka kituo cha mabasi. Jumamosi ndiyo siku ya basi la mbali. Nilikuwa napangusa kidogo, halafu nasimama pale mpaka watu wa mwisho washuke, nawaangalia mmoja mmoja. Halafu napangusa tena, nashuka.

Wabomoe. Kinanda si changu na wewe huwezi kukipiga. Watu wa kwenye turubai nao wana watoto. Ila wakishabomoa sitakuwa na mahali pa kukutazamia, na miguu hii hainifikishi kituoni. Kwa hiyo mambo ya kutazama yamekwisha. Begi moja linatosha, hata ulivyoondoka ulikuwa na moja. Muuza mkaa niachie mimi."

Hapo akaniambia niweke kalamu chini. Sijatia nakshi hata moja.

Dada yako.


13 Agosti 1988

Dada,

Nawasalimu wote, salamu fupi maana nyingine nitazitoa kwa mdomo.

Jana nimemuaga msimamizi. Alinipa shuka mbili mpya, akageuka kuendelea na kazi. Chumba nimekirudisha, sufuria nimemwachia jirani, mchoro nimeuchana. Nimekata tiketi ya kwenda tu. Muuza tiketi aliniuliza mara mbili kama sijakosea.

Nafika na basi la Jumamosi, tarehe tatu Septemba, mchana. Waambie kamati ibada ya Jumapili ifanyike kama kawaida yao, Bibi Alto aanzishe nyimbo kwa sauti yake. Mimi nitakaa chini na watu, benchi lolote, nataka kujua birika liko upande gani. Jumatatu nitawasaidia kushusha mabomba.

Kuna jambo moja naomba unifanyie. Jumamosi hiyo, wewe na shemeji mbebeni mama na kiti chake mkamweke nje ya geti la nyumbani, upande wenye kivuli. Asihangaike kunyoosha shingo wala kuuliza ni nani anayeshuka. Mwambieni atulie. Safari hii mimi ndiye nitakayemwona kwanza.

Mdogo wako.